Mwivi wa Kiti cha Mia na Saba

Mwaka 1641, dola ya Ming ilipokuwa imebakiza miaka mitatu tu kabla ya kuanguka, msomi mmoja wa mji wa Suzhou aitwaye Jin Shengtan, mtu mwenye ulimi mkali na mapenzi makubwa kwa kitabu chema, alitia dibaji katika nakala yake ya riwaya mashuhuri ya Shuihu zhuan, ambayo ni hadithi ya maharamia 108 waliofanya makao katika kinamasi cha Liangshan, katika nchi ya Shandong. Na miongoni mwa mambo aliyoyatanguliza mbele ya hadithi yenyewe, aliwapanga wahusika katika madaraja, kama watahini wa serikali walivyokuwa wakiwapanga vijana waliotaka kazi ya uliwali. Wu Song, aliyemwua chui milia kwa ngumi, alipata daraja ya juu ya juu. Lin Chong na Li Kui walipata vivyo hivyo. Katika daraja ya chini ya chini aliwaweka pamoja watu wawili, akasema kwamba ni wa namna moja: mmoja alikuwa Song Jiang, jemadari wa maharamia wote, na wa pili alikuwa Shi Qian, mwivi wa kuku.

Kusudi la msomi huyu halikuwa kumtukana mwivi. Alimchukia Song Jiang kwa kumwona mnafiki anayehubiri utii kwa mfalme huku akikusanya jeshi la kumpinga, na kwa kutaka kumtia aibu ya mwisho alitafuta mtu ambaye kulinganishwa naye hakuna aibu iliyo kubwa zaidi, na jicho lake likamwangukia Shi Qian. Tangu hapo hata leo, kila mtu azungumzapo juu ya hukumu ile huuliza kama Song Jiang aliistahili au hakuistahili. Sijaona sana watu wakiuliza habari za yule wa pili. Mimi nataka kumfuata yeye, tokea kaburini alikotokea mara ya kwanza hata kitandani alikofia, kwa kuwa nadhani mtu akizitazama vema safari za mwivi huyu mdogo atajua habari za Liangshan ambazo mabwana wakubwa wa kinamasi kile hawakupenda zijulikane.

Haifai kupita bila ya kusema neno moja juu ya tarikhi. Song Jiang aliishi kweli. Vitabu vya dola ya Song vinamtaja kuwa mwasi aliyetembea na wenziwe 36 katika siku za mfalme Huizong, akazishinda nguvu za maakida wengi, hatta mnamo mwaka 1121 akashikwa kwa hila na gavana wa Haizhou aitwaye Zhang Shuye, akasalimu amri. Hadithi zilianza kuota juu ya jina lake mara moja, na katika kitabu cha masimulizi ya enzi ya Xuanhe, ambacho ni kikongwe kuliko riwaya yetu, yamo majina ya wale 36. Shi Qian hamo. Yeye ni katika wale 72 walioongezwa baadaye na wasimuliaji wa sokoni na watunzi wa michezo, mpaka mtunzi ambaye aghalabu hutajwa kuwa Shi Nai'an, na mara nyingine Luo Guanzhong, alipowaunganisha wote katika kitabu kimoja. Wakubwa, basi, walirithiwa kutoka katika tarikhi, na mwivi akabuniwa. Na kitu kilichobuniwa huwa kina sababu, maana hakuna mtunzi anayejitwisha mtu asiyemhitaji.

Anatokea katika sura ya 46, na namna anavyotokea ni ya ajabu. Yang Xiong, aliyekuwa mnyongaji na mkuu wa jela katika mji wa Jizhou, ameambiwa na ndugu yake wa kiapo, Shi Xiu, kwamba mkewe anazini na mtawa wa hekaluni. Na baada ya fitina ndefu ambayo sina haja ya kuieleza, wanaume hawa wawili wanamchukua mwanamke yule pamoja na kijakazi wake mpaka juu ya mlima uitwao Cuiping, mahali penye makaburi ya zamani, na huko, baada ya kuwalazimisha wakiri, wanamwua kijakazi, kisha wanamkatakata bibi kwa ukatili ambao mtunzi ameusimulia bila ya haraka. Wakati wakishauriana waende wapi, nao wakikubaliana kuelekea Liangshan, inatoka sauti nyuma ya msonobari ikisema kwamba imesikia kila neno. Mtu aliyejitokeza alikuwa Shi Qian, mwenyeji wa Gaotangzhou, masikini aliyetupwa na maisha hata Jizhou, akiishi kwa kuruka mapaa na kutambaa kutani. Na siku ile alikuwa mlimani akifukua makaburi apate vitu viwili vitatu vya kuuza. Lakabu yake ilikuwa Kiroboto juu ya Ngoma, kwa wepesi wa mwili wake, maana kiroboto hata akirukaruka juu ya ngozi ya ngoma haitoi mlio. Aliwahi kushitakiwa mjini, na Yang Xiong ndiye aliyemwokoa. Kwa hivyo alipomwona mfadhili wake katika shida aliinama, akaomba afuatane nao, akawaonyesha njia ya nyuma ya mlima ambayo wao hawakuijua.

Msomaji na auweke moyoni mlima huu. Watu watatu walishuka: wawili mikono yao ilikuwa na damu ya wanawake wasio na silaha, na wa tatu alikuwa na udongo wa makaburi. Siku ilipofika ya kugawa viti katika ukumbi wa Liangshan, Yang Xiong alipewa kiti cha 32, na Shi Xiu kiti cha 33, wote wawili katika kundi la nyota tukufu za mbinguni. Mwenye udongo alipewa kiti cha 107.

Lakini kabla ya viti kulikuwa na jimbi. Wasafiri wale watatu walifika jioni katika nyumba ya wageni iliyo chini ya kilima cha Dulong, katika milki ya ukoo wa Zhu, watu matajiri waliokuwa na ngome, mashamba na askari wao wenyewe, nao walikuwa wameapa kuwakamata maharamia wa Liangshan. Mtumishi wa nyumba akawaambia kwamba mvinyo upo, na mchele upo, ila kitoweo kimekwisha. Shi Qian akatoka nje, akakaa kidogo, akarudi na jimbi mnene aliyekwisha kuchinjwa, kunyonyolewa na kuchemshwa. Wenzake wakacheka, wakamwambia kwamba mkono wake haujaacha tabia yake, kisha wakaketi wakala pamoja naye. Mtumishi alipoamka na kuona mifupa mezani, Shi Qian alikana: huenda paka-mwitu amemchukua, au kicheche, au mwewe. Shi Xiu akataka kulipa. Mtumishi akakataa, akasema kwamba yule alikuwa jimbi wa kuwika alfajiri, saa ya nyumba nzima, na hata wakia kumi za fedha hazitoshi. Kisha akatishia kuwafunga na kuwapeleka kwa liwali kama maharamia wa Liangshan. Maneno yakawa ngumi, na ngumi zikawa moto: nyumba ikachomwa, watatu wakakimbia usiku katika manyasi marefu, na katika manyasi yale kulabu mbili zilitokea zikamkamata Shi Qian na kumburura. Wenzake walimwona akichukuliwa, wakaendelea kukimbia.

Sasa natuingie Liangshan pamoja na hao wawili waliookoka. Walikuwa wamekwisha kuomba msaada kwa jirani wa ukoo wa Zhu, bwana Li Ying, ambaye aliandika barua kutaka mfungwa afunguliwe, na jawabu alilopata lilikuwa matusi, na baada ya matusi mshale wa mkononi. Basi waliposimama mbele ya Chao Gai, mkuu wa kinamasi wakati ule, wakaeleza mambo yote, na la jimbi pia. Chao Gai alighadhibika, akaamrisha wote wawili wakatwe vichwa, kwa kuwa wamelitumia jina la mashujaa wa Liangshan kuibia kuku na kuwaletea mashujaa wale fedheha mbele ya watu.

Hapa mimi hushindwa kuuzuia uso wangu usicheke. Ni nani Chao Gai? Ni mtu yule yule ambaye, pamoja na wenziwe saba, aliwalaghai walinzi kwa mvinyo uliotiwa dawa juu ya kilima cha Huangni, wakaondoka na zawadi za siku ya kuzaliwa ambazo gavana wa Daming alimpelekea mkwewe, waziri Cai Jing, mali yenye thamani ya mafungu 100,000 ya sarafu. Ile ndiyo sifa yake. Ndiyo iliyomtoa katika umwinyi wa kijiji na kumpa kiti cha ukumbini. Aliyeubeba mvinyo ule wa hila mabegani alikuwa Bai Sheng, mcheza kamari fukara, na huyo mwisho wake alipewa kiti cha 106, jirani na mwivi wetu. Watu wa Liangshan, basi, hawakuwa na neno na kuiba. Walikuwa na neno na kuiba kitu kidogo, tena kwa njaa, tena kwa mkono wa mtu asiye na farasi wala upanga wala nasaba. Walizikimbia dharau za makadhi na mawaziri, wakaja kuzijenga upya juu ya kisiwa kilichozungukwa na matete.

Song Jiang ndiye aliyewaokoa wale wawili, naye aliwaokoa kwa namna yake. Alimwambia Chao Gai kwamba ndugu hawa hawana kosa, kwa kuwa ni yule Shi Qian aliye mtu wa tabia hiyo tangu asili ndiye aliyewaletea ugomvi wa ukoo wa Zhu. Mwenye kutupiwa lawama alikuwa wakati ule amefungwa katika ngome ya adui, akipigwa ili akiri kuwa ni haramia wa kinamasi ambacho hajakikanyaga, na katika ukumbi ule hapakuwa na mtu mmoja wa kusema kwamba nyama ya jimbi ililiwa na watatu. Kisha Song Jiang akaongeza sababu nyingine, nayo nadhani ndiyo iliyokuwa nzito: watu wamezidi kinamasini, chakula kimepungua, na ghala za ukoo wa Zhu zingeweza kuwalisha kwa miaka mitatu au mitano.

Hivyo ikaanza vita ya mara tatu ya ngome ya Zhu, ambayo ni vita ya kwanza kubwa ya maharamia hawa na ambayo imejaza sura kadhaa za kitabu. Mara ya kwanza walipotea katika njia za vijiji, mpaka Shi Xiu, aliyejifanya muuza kuni, alipoambiwa na mzee mmoja, Zhongli, kwamba mwenye kugeuka kila penye mti wa mpopla mweupe ndiye anayetoka salama. Mara ya pili walizidi kupoteza watu. Mara ya tatu aliingia afisa Sun Li ndani ya ngome kama rafiki, akaifungua kwa ndani, na ukoo wa Zhu ukaangamizwa. Ukoo wa Hu, uliokuwa umekwisha kufanya suluhu, nao uliangamizwa na Li Kui kwa shoka zake mbili, na Song Jiang akamkemea kwa maneno tu. Binti wa ukoo ule, Hu Sanniang, aliyekuwa hodari wa vita kuliko wengi wa waliomshika, akaozwa kwa mmoja wa maharamia. Shi Qian akatolewa kifungoni, na ghala zikahamishiwa kinamasini.

Vita hii ilikuja kupata umaarufu mwingine ambao mtunzi wake hakuuota. Mwaka 1937 Mao Zedong aliitaja katika risala yake ya falsafa juu ya migongano iliyomo katika mambo, akisema kwamba Song Jiang alishindwa mara mbili kwa kutoyajua mazingira, akashinda ya tatu baada ya kuchunguza, na kwamba katika mifano yote ya kitabu kile huu ndio ulio bora; na mwaka 1945, huko Yan'an, kisa hicho kilichezwa jukwaani katika opera mpya ili kuwafundisha makada wa mapinduzi. Risala ile inazungumza juu ya njia, mafungamano ya vijiji na askari waliofichwa ndani ya adui. Kuku hakutajwa.

Mtu aliyetupiwa mzigo wa vita hiyo alikubaliwa kinamasini bila ya shangwe, na huenda tusingemsikia tena lau kama serikali isingelimtuma jemadari Huyan Zhuo pamoja na farasi wake waliofungwa kwa minyororo. Farasi 30 katika kila safu, waliofunikwa chuma wao na wapandaji wao, walikuja kama ukuta unaotembea, na mashujaa wa madaraja ya juu walikimbilia majini. Mfua chuma mmoja wa kinamasi, Tang Long, akasema kwamba silaha ya kuwaangusha iko, nayo ni mkuki wenye ncha ya mundu wa kukatia miguu ya farasi, lakini matumizi yake yanajulikana na mtu mmoja tu, binamu yake Xu Ning, mwalimu wa askari wa mikuki ya dhahabu wanaomlinda mfalme katika mji mkuu, Kaifeng. Na Xu Ning hawezi kuja, isipokuwa wamwibie deraya yake. Deraya ile ilikuwa mirathi ya vizazi vinne, nyepesi, isiyopenywa na upanga wala mshale. Tajiri mmoja wa serikali alikwisha kumpa bei ya mafungu 30,000 ya sarafu akakataa. Aliitia katika kasha la ngozi nyekundu, akalitundika juu ya boriti ya chumba anacholala.

Sura ya 56, inayosimulia wizi huu, ni katika kurasa nilizozipenda kupita zote za kitabu kizima, na nadhani mtunzi naye alizipenda, kwa kuwa hapa ameacha desturi yake ya kukata vichwa kumi katika ukurasa mmoja, akawa mpole na mwangalifu kama mhusika wake. Shi Qian anafika Kaifeng, anazunguka mchana kuitazama nyumba, na usiku anapanda mti wa mberoshi ulio katika hekalu dogo nyuma yake, anangoja juu ya tawi mpaka Xu Ning arudi kutoka zamuni, kisha anashuka mpaka jikoni, na kwa tundu la mlango anayatazama maisha ya nyumba ile. Tunaiona pamoja naye: mume na mke wanaota moto, mtoto wa miaka sita au saba yuko kifuani, kijakazi anakunja nguo za utumishi na kuzifunga ndani ya kitambaa, kwa kuwa bwana ameagiza kuamka zamu ya tano ya usiku amfuate mfalme. Kasha jekundu linaning'inia. Shi Qian anafikiri: akichukua sasa ataamsha kelele na malango ya mji yatakuwa yamefungwa, afadhali angoje alfajiri.

Akangoja. Wenye nyumba walipolala aliipuliza taa kwa mwanzi mwembamba, akiwa nje ya dirisha. Kabla ya alfajiri Xu Ning aliamka, akala, akaenda zake. Vijakazi wakarudi kulala, na Shi Qian, aliyekuwa amejificha chini ya meza ya jikoni, akapanda juu ya boriti na kuanza kulifungua kasha. Kamba ikagusa mti. Mke wa Xu Ning akauliza sauti ile ni ya nini, na Shi Qian, pale juu gizani, akalia kama panya. Kijakazi akajibu kwamba ni panya wanapigana. Shi Qian akaigiza panya wanaopigana. Basi wakalala, naye akateremka na kasha mgongoni, akafungua mlango, akatoka pamoja na watu wa mjini wanaokwenda kazini mapema.

Yaliyofuata ni ya werevu mwingine: deraya ilipokelewa njiani na Dai Zong, mtembezi wa ajabu, ikafika Liangshan upesi, na Shi Qian akaendelea na kasha tupu akijionyesha katika kila nyumba ya wageni yenye alama ya duara la chokaa mlangoni, huku Tang Long akimwongoza binamu yake nyuma ya kasha lile kutoka hoteli hata hoteli, mpaka mwalimu wa askari wa mfalme akanyweshwa dawa, akazinduka kinamasini. Farasi wa minyororo wakaangushwa. Xu Ning akafundisha mkuki wake, na siku ya viti akapewa cha 18.

Mara ya pili ya kuhitajiwa ilikuwa katika mji wa Daming, alikofungwa tajiri Lu Junyi akingoja kuuawa. Hii si kazi niwezayo kuisifu. Shi Qian mwenyewe ndiye aliyejitolea, akisema kwamba aliwahi kufika mji ule utotoni na kwamba unao mnara mkubwa wa mvinyo uitwao Cuiyun, wenye vyumba zaidi ya mia, ambao ukiwaka usiku wa Sikukuu ya Taa utaonekana na mji mzima. Aliingia na kikapu cha kiberiti na shura, na juu yake vipambo vya wanawake kama mchuuzi, akapanda, akatia moto. Maharamia wakaingia malangoni, Lu Junyi akaokolewa, na mpaka amri ilipotoka ya kuacha kuua raia, karibu nusu ya watu wa mji walikuwa wamekwisha kuumizwa au kufa. Mwivi aliyekuwa hajaua mtu katika hadithi nzima alikuwa amewafungulia mlango waliojua kuua; na gavana ambaye mji wake uliwaka, Liang Zhongshu, ndiye yule yule ambaye zawadi zake ziliibwa na Chao Gai, naye aliponea chupuchupu.

Chao Gai hakuuona moto huo. Alikuwa amekufa kwa mshale wa sumu katika vita vya kijiji cha Zengtou, na sababu ya vita hivyo yapasa kutajwa hapa: mwivi wa farasi aitwaye Duan Jingzhu aliiba huko kaskazini farasi mweupe wa mwana wa mfalme ampelekee Song Jiang kuwa zawadi, na watu wa Zengtou wakamnyang'anya njiani. Mtu aliyetaka kukata vichwa kwa ajili ya jimbi alikwenda vitani, akafa, kwa ajili ya farasi wa wizi, na hakuna aliyemkumbusha. Duan Jingzhu alipewa kiti cha 108. Katika vita vya pili vya Zengtou, vya kulipa kisasi, ni Shi Qian aliyetumwa kupeleleza mashimo yaliyofukuliwa na kufunikwa njiani, akayahesabu na kuyatia alama.

Siku ya viti, katika sura ya 71, jiwe lilichimbuliwa ardhini likiwa na maandishi ya kale, na padri wa Kitao akayasoma: nyota 36 za mbinguni na 72 za ardhini, kila moja na jina la haramia wake. Wasomaji wengi wa zamani walinong'ona kwamba jiwe lile lilizikwa na Song Jiang na mshauri wake Wu Yong, ili pasiwe na ugomvi wa vyeo. Maana mbingu ikisema hakuna wa kubisha. Ikiwa ni kweli, ilikuwa ni tadbiri ya kiserikali hasa. Shi Qian alipata nyota ya Mwivi, na kazi yake ikaandikwa kuwa ni kupeleka habari za siri za jeshi, yeye na Yue He na Bai Sheng na Duan Jingzhu. Mbingu, kwa bahati, iliona kama alivyoona Chao Gai.

Baadaye Song Jiang alipata msamaha wa mfalme alioutamani, na mashujaa wakawa askari wa serikali dhidi ya dola ya Liao na dhidi ya Fang La, mwasi wa kusini. Ni katika vita hivi vya mwisho, kwenye njia ya mlimani ya Yuling, ndipo Lu Junyi alipopoteza mashujaa sita kwa mishale katika pambano moja, na mmoja wa sita hao alikuwa Shi Xiu, mwenzake Shi Qian wa Cuiping na wa jimbi. Majemadari walisimama chini ya mlima wasijue la kufanya. Shi Qian akakwea usiku peke yake, akaomba njia kwa mtawa mzee aliyekuwa akiishi katika hekalu dogo la msituni, akapita juu ya ukuta wa mawe, akatia moto katika nyasi kavu za ngome, akawasha mzinga, kisha akasimama juu ya paa akipiga kelele kwamba askari elfu kumi wa Song wamekwisha kuvuka. Walinzi walikimbia. Njia iliyoua mashujaa sita ilifunguliwa na mtu mmoja na uongo wake.

Alikufa Hangzhou, vita vilipokwisha, jeshi likijitayarisha kurudi mji mkuu: msokoto wa matumbo ulimshika, akafa, na mtunzi amempa kwa tukio hilo sehemu ya sentensi moja, pembeni mwa Yang Xiong aliyekufa kwa jipu la mgongoni. Katika wote 108 waliorudi kwa mfalme ni 27. Waliokufa walipewa vyeo vya maiti, wa mbinguni cheo kimoja na wa ardhini kingine cha chini yake, na kwa hivyo hata kaburini jiwe lile liliendelea kufanya kazi.

Jin Shengtan alizikata sura hizi zote, kwa kuwa hakutaka maharamia wasamehewe. Hivyo katika nakala iliyosomwa kuliko zote kwa karibu miaka mia tatu, Shi Qian hapandi Yuling wala hafi. Lakini watu wa kazi yake hawakuwa wakimtafuta katika nakala za wasomi. Wevi wa zama za baadaye walimfanya mlinzi wao, wakamwekea tambiko kama maseremala na wafua chuma wanavyoweka kwa wakuu wa kazi zao, na serikali zilizowafunga hazikuweza kulizuia jambo hilo. Wachezaji wa opera nao wakamchukua: katika opera ya Kun, wizi wa deraya umekuwa mtihani wa mchekeshaji mwenye viungo vyepesi, ambaye hana budi kupanda juu ya meza zilizopandanishwa na kujiviringisha huko bila ya kutoa mlio, akiwa katika nguo nyeusi zilizobana, na kijana anayejifunza kazi hiyo huanza na Shi Qian mapema, akiwa bado mifupa ni laini. Watazamaji huyajua mapema yatakayotokea. Wanataka tu kuona kama atalifikia kasha, na kama sauti ya panya itakuwa ya panya kweli. Ama Xu Ning, mwalimu wa mikuki ya dhahabu, mwenye kiti cha 18 na nyota ya mbinguni, siku hizi aghalabu jina lake hutajwa ili ijulikane deraya ilikuwa ya nani.